Fimbo ya Rangi Nne

Nilipokuwa mtoto, mtu wa kwetu alipimwa urefu mara moja tu, na siku hiyo mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa amelazwa chali, amefunikwa shuka, na vijana wenye majembe walikuwa uani wakisubiri kipimo cha kuchimbia. Aliyeingia ndani kuchukua kipimo hicho, karibu kila msiba, alikuwa baba yangu.

Kitongoji chetu kilikuwa upande wa Kidodi, mto Ruaha ukiwa nyuma yetu na miwa ikiwa mbele. Baba aliitwa Mwinshehe. Hakuwa shehe wala mwalimu wa madrasa. Alikuwa mkata miwa tu, lakini alikuwa na mkono mtulivu, na watu wa pale walipenda mkono mtulivu karibu na maiti wao. Alikwenda bondeni akakata tete, akalilaza kando ya marehemu kuanzia utosini, akalikata tena kwenye kisigino. Kisha alitoka nalo amelishika kwa mikono miwili, chini chini, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Hakulitia begani. Hakuna aliyemsalimia njiani. Kaburi likishachimbwa, tete lilitupwa humo humo, kwa sababu kipimo cha mtu hakirudi nyumbani.

Kutokana na hayo yalikuwapo makatazo mengine ambayo sisi watoto tuliyapokea bila kuuliza. Hatukusimama mgongo kwa mgongo kushindana nani mrefu. Fundi cherehani alipima kiuno na mabega, lakini urefu wa gauni aliukisia kwa jicho. Bibi, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye, alinikuta siku moja nimemlaza mwanasesere wangu wa magunzi kando ya ufito. Hakunipiga. Alikaa chini, akauvunja ule ufito vipande vidogo vidogo, akavitia motoni.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "anayempima aliye hai amemwitia udongo. Na udongo ukishaitwa hauna haya, unakuja."

Sikumwona Bibi kuwa mjinga wakati ule na simwoni hivyo sasa. Watu wanaozika mara kwa mara wana haja ya kuvitenga vitu vya kifo na vitu vya nyumbani, kama wanavyotenga maji ya kuoshea miguu na maji ya kunywa. Yeye alikuwa amezika watoto watano. Aliyebaki alikuwa Baba.

Mama alikuwa anajikuna. Hilo nalikumbuka kabla hata ya sura yake. Bustani yake ya mchicha na bamia ilikuwa ukingoni mwa mto, mahali maji yanapopita kwa kasi juu ya mawe, na tangu ujana wake alikuwa akiumwa vifundoni na vidudu vyeusi vidogo kama punje za ulezi, tunavyoviita usubi. Alijikuna kwa kucha, halafu kwa gunzi la mahindi, na siku mbaya zaidi kwa kigae cha chungu mpaka damu ikatoka. Ngozi ya mapaja yake ilikuwa imekunjamana kama ya kikongwe, naye hakuwa amefika miaka thelathini na mitano. Kwenye mifupa ya miguu ilikuwa imetoka mabaka meupe yenye vidoa vyeusi katikati. Hakuwa peke yake. Wengi wa kwetu walikuwa hivyo, wakisema ni maji ya mto, au damu chafu, au ubaya wa mtu.

"Unawashwa na nini, mwenzetu, siri za watu?" mwanamke mmoja alimtania pale bombani. Wenzake wakacheka, Mama naye akacheka. Tangu siku hiyo hakupandisha tena kanga yake juu ya kifundo mbele ya wenzake, hata akivuka tope.

Baadaye yakaanza macho. Jua la asubuhi lilimtoa machozi. Akichambua mchele, tulikula tukikutana na mawe. Baba aliyatema mawe yale kiganjani kimya kimya na kuyaweka chini ya mkeka, ili Mama asisikie yakianguka.

Ilikuwa katika miaka ile ambayo watu walikuwa wanapunguzwa kazi na kila kitu kilikuwa kimeanza kuuzwa, ndipo lendirova ya shirika moja la hisani ilipofika kwetu. Alishuka muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye subira, jina lake Leokadia. Watu walikusanywa kwenye kibaraza cha zahanati. Nesi Leokadia alieleza kwamba usubi ukiuma unaacha minyoo chini ya ngozi, na watoto wa minyoo hao ndio wanaotembea mwilini na kuwasha, na wakifika machoni wanapofusha. Alisema iko dawa ya kumezwa mara moja kwa mwaka. Haimrudishii mtu macho yaliyokwisha kwenda, alisema, lakini inalinda yaliyobaki. Alisema pia kwamba ni ya bure.

"Ya bure?" aliuliza Mzee Ngonyani. Huyu alikuwa Mngoni ambaye baba yake aliletwa na kazi za mashamba zamani, Mkristo, mtani mkubwa wa Baba. "Siku hizi hata bomba la sindano tunakwenda nalo wenyewe hospitali, wewe unaleta dawa ya bure. Hapa mgonjwa nani, sisi au mwenye dawa?"

Watu wakacheka, na nesi akacheka nao. Kisha akasema shirika lina gari moja na vijiji vingi, kwa hiyo kila kitongoji kichague mtu wake wa kugawa dawa, mtu mwaminifu, wa kujitolea. Mtu akauliza kama kuna posho. Hakuna. Watu wakatazama miguu yao.

"Kazi yenyewe si ngumu," alisema nesi. "Unampima mtu urefu, unampa vidonge kulingana na urefu wake."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Kupima? Si yupo Mwinshehe? Anatupima bure siku zote."

Kicheko kilianza, halafu kikakatika katikati, kama mtu aliyejiuma ulimi. Lakini jina lilikuwa limeshatajwa. Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono, na mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa Ngonyani. Nesi Leokadia aliliandika jina lile kwa furaha, kwa sababu aliambiwa kwamba ndiye mtu anayeaminiwa kuliko wote pale, na hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwambia anaaminiwa kwa kazi gani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini walimchagua. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Nadhani walitafuta mtu asiyekataa kazi isiyo na malipo, na kwetu mtu huyo alikuwa mmoja. Naye Baba, kwa nini alikubali? Hilo nalijua. Alikuwa na kiganja cha mawe chini ya mkeka.

Alikwenda Mikumi siku mbili kufundishwa, akarudi na kopo la vidonge, daftari na fimbo. Ilikuwa fimbo ya mbao iliyonyooka vizuri, ndefu kuliko mtu, imepakwa rangi vipande vipande: njano, kijani, bluu na juu kabisa nyekundu. Kichwa chako kikifika kwenye njano unapata kidonge kimoja, kijani viwili, na kuendelea hivyo mpaka nyekundu, vinne. Sisi watoto tuliiona nzuri. Bibi aliitazama kwa muda mrefu.

"Hiyo inalala wapi?"

"Ndani, Mama. Nimekabidhiwa."

"Fimbo ya kupimia hailali kwenye nyumba yenye watu."

"Hii ni ya dawa, Mama."

"Fimbo haijui imetumwa na nani," alisema Bibi, na mazungumzo yakaishia hapo. Baba akaichomeka kwenye nyasi za paa la jiko, nje, ambako ilikaa ikitoa ncha yake nyekundu kama ulimi.

Siku ya kugawa dawa, Nesi Leokadia alikuja asubuhi, akaangalia kila kitu kiko sawa, akaondoka na gari kwenda kitongoji kingine. Baba alibaki kibarazani na meza, kopo na ndoo ya maji. Watu walikuja, lakini walisimama mbali, upande wa barabara. Ngonyani alipaza sauti: "Mwinshehe! Mimi bado nakula ugali, mtani! Anza na jirani!" Safari hii hawakucheka sana. Saa zikapita. Mama alikuwa amesimama miongoni mwa wanawake, ameweka ukingo wa kanga juu ya macho kwa sababu ya jua. Baba alimtazama, naye akatazama chini.

"Basi mtaanza na mimi," alisema Baba. Akageuka, akanitafuta kwa macho. "Siwema, njoo unipime."

Nilikuwa na miaka kumi. Alipindua ndoo, akanipandisha juu yake, akasimama wima kando ya fimbo na visigino vyake pamoja. Alinifundisha kwa sauti ya chini: weka kiganja bapa juu ya utosi, kisogeze mpaka kiguse fimbo, uitaje rangi kwa sauti ili watu wasikie. Sikuwa nimewahi kugusa kichwa cha baba yangu. Mtoto hagusi kichwa cha baba. Nywele zake zilikuwa na vumbi la majivu ya miwa, na chini yake niliusikia mfupa, mgumu na wa moto.

"Nyekundu," nikasema.

"Kwa nguvu."

"Nyekundu!"

Akameza vidonge vinne mbele yao wote. Nilipotazama barabarani, Bibi alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni na kuondoka. Watu wachache walikuja baada ya hapo, wengi wao wanaume wasio na wake na mama mmoja aliyekuwa amechoka kujikuna. Mama yangu hakuja.

Kesho yake uso wa Baba ulivimba na mwili wake ukawasha kuliko ulivyowahi kuwasha. Nesi alikuwa ametueleza kwamba mwenye minyoo mingi huvimba siku mbili tatu, ndiyo minyoo inakufa. Lakini waliosikiliza maelezo yale walikuwa wale waliokubali kumeza. Waliobaki waliona tu uso wa Mwinshehe. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, na akaanza kulala usiku mzima. Alimwonyesha Mama mikono yake: "Tazama, hata hainiwashi. Vidonge vyako vipo. Nikupime sasa hivi, hapa hapa ndani, hakuna anayeona."

Mama alitaka. Nina hakika alitaka. Lakini Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Mmoja katika nyumba anatosha. Mkipimwa wawili, watoto hawa wanabaki na nani? Ngojeni mwaka uzunguke. Akiwa mzima, na wewe mkamwana utapimwa, sitasema neno."

Haikuwa hoja ya kipumbavu. Mtu mwenye mbegu kidogo hazitupi zote kwenye mvua ya kwanza. Mama akasema atangoja. Kisha Bibi akamgeukia Baba na kusema jambo ambalo hakukusudia nilisikie: "Lakini wewe. Ungejipima mwenyewe ukutani. Ukampa mtoto ampime baba yake."

Mwaka haukuzunguka. Msimu wa kukata miwa ulipofika, Baba alipata kibarua kwa mkulima mmoja upande wa Ruaha. Jioni moja, badala ya kurudi kwa miguu, alidandia juu ya mzigo wa roli la miwa pamoja na wenzake wawili. Kwenye kona ya kushukia kijito, roli lilipinduka. Wale wawili walirushwa majanini. Baba alifunikwa na miwa, na ilichukua muda mrefu kumtoa.

Walimleta asubuhi. Sitaeleza tulichokiona, ila jambo moja ambalo lazima nilieleze: hakuweza kunyooshwa. Waliomwosha walijaribu, kwa heshima, wakaacha. Vijana wenye majembe walikuwa uani kama kawaida. Saa ya kupima ikafika, ndipo watu wakagundua mambo mawili kwa pamoja, kwamba mpimaji wao ndiye maiti, na kwamba hata kama angepatikana mwingine, asingekuwa na cha kupima.

Ngonyani aliingia ndani walipokaa wanawake. Siku nyingine yoyote mtani angeingia msibani kwa kelele, angedai kulipwa ndipo maiti atoke, angelala mlangoni. Siku ile alivua kofia na kuishika tumboni.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bibi.

"Marahaba."

"Mama, vijana wanauliza. Mwanandani uwe kiasi gani? Tukikisia ukawa mfupi..." Hakumaliza. Bibi alimtazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Mama alikuwa amejifunika uso.

Mimi nilikuwa najua jibu. Ndimi pekee niliyelijua. Nilitoka nje, nikapanda juu ya kinu, nikaichomoa fimbo kwenye paa la jiko, nikaingia nayo ndani nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, chini chini. Nikaweka kidole gumba changu kwenye rangi nyekundu, vidole viwili juu ya mstari wa bluu.

"Baba anafika hapa," nikasema.

Chumba kizima kilinitazama. Nilitegemea Bibi apige kelele. Hakupiga. Alikitazama kidole changu, akaitazama fimbo, na nikaona uso wake ukilegea, kwa namna ambayo nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa amesema kweli na aliyetamani kuliko kitu chochote kwamba angekuwa amekosea.

"Chukua," alimwambia Ngonyani.

Ngonyani alikwaruza alama kwa ukucha mahali kidole changu kilipokuwa, akaenda nayo. Walichimba kwa kipimo kile, na kwa desturi yetu fimbo ile haikurudi. Ilitupwa kaburini pamoja na rangi zake nne.

Mwaka uliofuata Nesi Leokadia alipokuja kutupa pole na kuuliza vifaa, daftari lilikuwepo na kopo lilikuwepo. Kuhusu fimbo, mwenyekiti alimwambia imepotea. Hakuna aliyemkosoa. Nesi aliandika "imepotea," akatoa nyingine garini. Nadhani alituona wazembe. Ngonyani ndiye aliyekubali kuishika. Alisema yeye hana mke, watoto wake wako Songea, na udongo ukimtaka unajua anapokaa.

Macho ya Mama yalikuwa yamepungua sana mwaka ule. Alimjua mtu kwa sauti na mwendo. Asubuhi ya kugawa dawa, aliamka, akaoga, akavaa gauni lake la msibani, na nikaelewa kwamba anakwenda. Nilimshika kanga. Nilimshika kwa mikono yote miwili nikalia, nikasema, "Usiende, Mama, usiende." Alidhani nalia kwa ajili ya Baba. Bibi alikuwa ameacha kukataza. Mama alikaa chini pale mlangoni, akavua kanga ya kichwa, akasema, "Basi. Mwaka mwingine."

Nilifurahi. Lazima niliandike hilo. Mwaka mzima nilitembea na furaha ile, na chini yake kitu kingine ambacho sikumwambia mtu.

Kitu hicho kilifichuka darasani. Mwalimu wa hisabati alikuwa anafundisha vipimo. Alitupa rula ndefu ya mita, akatuambia kila mmoja ampime mwenzake ukutani na kuandika sentimita. Mwenzangu alikuwa Rehema, jirani yangu wa dawati. Alisimama ukutani akicheka, amenyoosha shingo ili aonekane mrefu. Niliinua rula, nikakiona kiganja changu kikielekea kichwani kwake. Nikaitupa rula nikakimbia, nikapita katikati ya miwa mpaka nyumbani.

Mama alikuwa uani akibangua karanga kwa kupapasa.

"Nani huyo? Siwema? Mbona mapema?"

"Sikumpima Rehema."

"Umpime Rehema kwa nini?"

"Mwalimu kasema. Mimi sitaki afe."

Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia atakufa?"

"Baba alikufa."

Karanga zilikuwa mapajani mwake. Aliziacha zikamwagika aliponyoosha mkono kunitafuta, akaukamata mguu wangu kwanza, halafu mkono.

"Muda wote huu?" alisema. "Muda wote huu, mwanangu, unafikiri ni wewe?"

Hakuniambia kwamba ni ujinga, wala hakuniambia habari za minyoo na roli. Alinikalisha tu tukaziokota karanga, mimi kwa macho, yeye kwa vidole.

Wiki chache baadaye ikafika siku ya dawa, ya tatu kuhesabu na ile ya Baba. Wakati huo Mama alitofautisha mlango na ukuta kwa mwanga tu. Alisema, "Nishike mkono, twende." Nilikokota miguu njia nzima, naye hakuniachia mkono. Kibarazani walikuwepo watu wengi kuliko miaka ya nyuma, kwa sababu Ngonyani alikuwa amepima kwa mwaka mmoja na hakuna aliyekuwa amekufa isipokuwa wazee.

"Shemeji!" Ngonyani alisema. "Leo umetukumbuka. Lakini nakuonya, ukifa mimi siji kuchimba, kiuno kinaniuma."

"Nitakufa, mtani, nani asiyekufa," alisema Mama. Akageuza uso wake kule zilikotoka sauti za watu, akapandisha sauti. "Nitakufa. Lakini si kwa mkono wa huyu. Mpe mwanangu fimbo."

Ngonyani alinipa fimbo bila utani. Mama aliweka visigino vyake pamoja, akanyoosha mgongo. Safari hii sikuhitaji ndoo. Niliweka kiganja juu ya kilemba chake, nikakisogeza mpaka kikagusa fimbo.

"Sema kwa nguvu," alisema.

"Bluu."

Vidonge vitatu. Alivimba siku mbili, macho yakafunga kabisa, na siku hizo mbili sikwenda shule. Nilikaa mkekani karibu na kichwa chake nikisikiliza pumzi. Bibi alikuwa anabadilisha kitambaa cha maji baridi. Yeye mwenyewe hakupimwa mpaka alipokufa, na alikufa akijikuna. Hakuna aliyemlazimisha. Siku ya tatu Mama aliamka akaomba uji. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekitupa kigae chake. Macho hayakurudi.

Tangu wakati ule nimesoma maandishi mengi ya watu wanaoshangaa kwa nini maskini wanakataa dawa ya bure. Wengine wanaandika kwa huruma, wengine kwa kuchoka, na wote wanalitaja neno ujinga mahali fulani. Sigombani nao. Nesi Leokadia alikuja na moyo safi na fimbo iliyonyooka, na alituokolea macho mengi, nami nimekutana na watu wazima wa kwetu wanaosoma gazeti bila miwani kwa sababu yake. Lakini hakuna aliyemuuliza mtu wa kwetu swali moja dogo, kwamba hapa kitu kirefu kama hiki kinafanya kazi gani. Na sisi hatukusema, kwa sababu mtu hamwelezi mgeni mambo ambayo hata wenyewe kwa wenyewe hawayataji. Katikati ya kutokuuliza kwao na kutosema kwetu ikapita miaka miwili ya macho ya mama yangu. Mmoja aliungoja kwa ajili ya Bibi. Mwingine aliupoteza kwa ajili yangu.

Nilipoanza kazi nilimpeleka kwa daktari wa macho Morogoro. Alimwangalia kwa taa yake ndogo, akamwuliza alianza dawa lini, kisha akaniita kando. Alisema kwa upole kwamba kama angeanza mapema kidogo, hata mwaka mmoja, huenda jicho la kulia lingebaki na kitu. Huenda, alirudia, hakuna anayejua kwa hakika. Nilikaa kwenye korido mpaka uso wangu ukakauka, ndipo nikarudi alipokaa Mama.

"Kasema nini?"

"Kasema yalikuwa yameshaharibika tangu zamani. Kabla hata ya dawa kuja."

Mama alinitafuta mkono, akaupata, akaushika kama alivyoushika siku ile ya karanga.

"Kama kasema hivyo," alisema, "basi na wewe uache kuhesabu."

Nimejaribu. Miaka mingine naweza.